Machozi Yaliyolala Kati ya Samaki

Ting, ting, tirriri. Nikifumba macho hata leo naisikia: mabomba madogo ya kioo ya kudondoshea dawa, yakigongana ndani ya sufuria inayochemka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nyuma ya jengo la macho la lopitali yetu. Ndiyo sauti iliyonipokea siku yangu ya kwanza kazini, hapa Lubumbashi, nikiwa msichana wa miguu myembamba, mwenye sekondari nusu na ndoto nzima. Ndoto yenyewe ilikuwa kuwa mhudumu wa ndege. Kila ndege iliyopita juu ya mji kwenda kushukia uwanja wa Luano niliiinulia kichwa, na katika mawazo yangu nilikuwa ndani yake, skafu shingoni, nikiwauliza abiria kama wanataka maji au limonadi.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Masere, mtawa aliyesimamia jengo la macho. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kutembea, mtoto wa njia ya reli kama mimi. Babu zake na babu zangu walitoka kaskazini ya Katanga kufuata kazi. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu nilivyoazima kwa dada yangu.

“Weye njo Alfonsina?”

“Njo miye, Masere.”

“Unajua kuosha?”

“Ndiyo, Masere. Nyumbani njo miye nafulia bote.”

“Basi unajua kuosha masahani na mashuka. Kuosha bintu ya macho, hapana bado.”

Akanifundisha. Nawaandikia ninyi vijana mnaopata kila kitu kimefungwa ndani ya plastiki, mjue tulivyofanya. Kila kinachogusa jicho kilichemshwa, kikaachwa kipoe chenyewe chini ya kitambaa safi, na ncha yake haikuguswa na mkono wa mtu. Mikono tuliosha mpaka kwenye viwiko. Kumtia mgonjwa dawa, unavuta kope la chini polepole mpaka lifanye kikapu kidogo, unadondosha ndani ya kikapu, wala si juu ya mboni. Tena tone moja. “Jicho iko na nafasi ya tone moja,” Masere alisema. “Ya pili inakimbia ku shavu, umeharibu dawa bule.”

Nilipenda ile kazi mara moja, ila kichwa changu kilipenda pia dirisha. Ndege ikipita, nasimama. Masere hata hakugeuka: “Fonsi, shuka mu ndege. Maji inakauka.” Wagonjwa wakacheka, na wengine wakaanza kuniita Mama Ndege.

Baadaye Masere alinituma Kipushi, kwenye dispanseri iliyohitaji mtu wa kusaidia macho. Kule mkubwa wangu alikuwa Mkuu wa Dispanseri, muuguzi mnene mwenye miwani mizito, aliyekuwa akizungumza na macho ya watu kana kwamba ni watoto. “Kuya, kuya, usiogope,” aliliambia jicho, na mwenye jicho akatulia. Kipushi ni mji wa mgodi, vumbi lake linaingia hata kwenye meno. Wachimbaji walikuja na machozi yakibubujika, tukawaosha, wakarudi kazini. Mwanzoni nilidhani jicho linalotiririka ndilo jicho lenye shida kubwa. Mkuu wa Dispanseri alinikalisha chini.

“Mutoto, jicho yenye kulia inajisafisha. Yenye kukuambia ‘niko na mchanga’, na unatafuta mchanga hauone, na machozi hauone, njo ile uiangalie muzuri.”

Alinionyesha namna ya kupima. Unachukua kipande chembamba cha karatasi inayonyonya maji, unakunja ncha yake, unaitundika kwenye kope la chini upande wa nje. Mgonjwa anafumba macho, mnangoja dakika tano. Kwa mtu mwenye afya machozi yanapanda kwenye karatasi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Kwa wengine, karatasi inatoka kavu karibu vile ilivyoingia. Hao wengi walikuwa wanawake, na wengi walilalamika pia vidole vinavyokakamaa asubuhi.

Nilikuwa bado Kipushi askari walipopora miji. Mnazijua zile habari kwa wazazi wenu. Wale waliopewa bunduki walinde maduka, wakakosa mshahara, ndio waliyavunja maduka, na wananchi wakafuata nyuma yao na mikokoteni. Masere alinipelekea neno nirudi. Nilikuta jengo la macho halina magodoro wala kabati. Dokta wetu wa kwanza, mgeni kutoka ng’ambo, alikuwa ameondoka na wenzake wote, akituachia koti lake jeupe msumarini. Dawa za macho, zilizokuwa zikija kwa ndege, zikakoma. Mshahara ukawa kitu cha kusimuliana. Kilichosalia ni mashine ndogo ya mkono ya kuzungushia damu, kwa sababu waporaji waliiona wakadhani ni kisagio cha nyama kilichoharibika.

“Mungu ni mwema,” alisema Masere akiipangusa. “Aliwanyima macho.”

Akaja Dokta mpya, kijana wa hapa hapa mjini, mrefu, mwembamba, suruali moja ya kazi. Alicheka upesi na kuchoka polepole. Huyo ndiye aliyempokea Mama Feliste.

Mama Feliste alikuwa mke wa fundi wa reli, mama wa watoto watatu. Alikuja akiwa ameshikwa mkono na mume wake, maana jua la njiani lilikuwa linamchoma macho mpaka hawezi kuyafungua. Alisema ana mchanga machoni tangu mwaka uliopita. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, pete haitoki. Ulimi wake ulikuwa mkavu, umepasuka kama ardhi ya mwezi wa tisa inayongoja mvua. Nikamwekea karatasi zile, kila jicho moja. Dokta alipozitoa, alizigeuza, akazigeuza tena, hakuona mahali palipolowa.

Basi akavuta kiti, akawaeleza. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu sijasikia mtu akieleza ule ugonjwa vizuri zaidi.

“Mama, mwili yako iko na baaskari. Kazi yao ni kupigana na microbe. Sasa bale baaskari bameasi. Banapora nyumba yao benyewe. Bamepora viungo ya vidole, bamepora tezi ya machozi, bamepora na ya mate.”

Mama Feliste alimtazama kwa macho yake mekundu. “Basi Dokta, balipwe lini, baache?”

Tulicheka sote, hata mume wake aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kwa hofu. Halafu Dokta akasema kweli yake: ugonjwa wenyewe haumalizwi, lakini unatulizwa, na macho lazima yapate maji kila siku, ama kioo cha jicho kitachubuka na kuwa na vidonda, mwisho atapofuka. Na matone ya machozi ya dukani hayakuwepo, si kwetu, si mjini mote.

Ndipo Dokta akakumbuka jambo alilolisoma shuleni. Damu ya mtu ikiachwa igande, kisha ikazungushwa kwa nguvu, wekundu wote unakaa chini, na juu yanabaki maji ya rangi ya asali nyepesi. Hayo yanaitwa seromu. Ukiyachanganya na maji safi ya chumvi ya lopitali, unapata kitu kinachofanana na machozi kuliko dawa nyingi. Dokta alitoa damu mkononi mwa Mama Feliste, mimi nikachemsha chupa na mabomba, na kwa zamu tukazungusha ile mashine mpaka mabega yakawaka moto. “Fonsi, njo injini ya ndege yako hiyo,” alisema Masere. Nami nilizungusha kweli kama naipaisha.

Lakini seromu haina dawa ya kuizuia isioze. Chupa zote lazima zigandishwe, zitolewe moja moja, na iliyofunguliwa ikae kwenye baridi. Umeme wa lopitali ulikuwa unakuja kama mgeni asiyeaga. Masere akaenda kwa Papa wa Depo. Huyo alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo mwenye kuimba zaburi huku akipanga makarton, na depo yake ilikuwa jirani na ukuta wetu. Alikuwa na jenereta, na frigo kubwa ya kugandishia samaki tomsoni.

“Leteni, Masere,” alisema. “Mahali samaki wanalala, machozi nayo yatapata kitanda.”

Tukazifunga chupa ndani ya kopo lenye kifuniko, tukaandika juu yake jina la Mama Feliste, tukaliweka pembeni mwa frigo. Kila siku tatu hivi mume wake alipotoka kazini alipita, akachukua chupa moja ndani ya termosi yenye barafu. Baada ya majuma machache Mama Feliste alikuja bila kushikwa mkono. Alisimama mlangoni akamwambia Masere, “Leo nimeona mawe ndani ya muchele. Nimeyaona miye mwenyewe!” Ungedhani ameona Roma.

Halafu mume wake akafa. Homa ilimchukua ghafula, hata lopitali hakufika.

Nilienda kwenye kilio kama mtu wa nyumba. Wanaume walikaa chini ya bashi, lile turubai la kilio, wanawake kwenye mikeka, nyimbo za kanisa zikiendelea. Mama Feliste alikuwa katikati, kitambaa kichwani, akiyumba mbele na nyuma. Sauti ilimtoka kifuani, ya chini, ya kutisha. Lakini uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Na katika mji huu, mjane hutazamwa uso kuliko maiti. Nyuma yangu niliwasikia.

“Angalia ule. Hata moja haina.”

“Mwanamuke gani anazika bwana na macho makavu?”

“Anaangalia chini tu. Anajua kile kenye alifanya.”

Dada wa marehemu, Tantini Jeanne, alikuwa amefika kutoka Kilwa yetu ya Katanga, kando ya ziwa, juu ya lori la samaki wakavu, safari ya kuvunja mgongo, akaingia uani amechakaa kwa vumbi na kilio. Alimpenda kaka yake, hilo sitalificha. Alilia mpaka akamwagiwa maji. Alipotulia, mwanamke mmoja aliyezoea kununua tomsoni kwa Papa wa Depo alimnong’oneza kwamba ndani ya frigo ya yule mfanyabiashara kuna kopo lenye jina la mjane, na ndani ya kopo ni damu yake.

Tantini alisimama katikati ya mikeka.

“Damu ya mwanamuke huyu inafanya nini mu frigo ya tajiri? Eh? Munieleze! Mwenye kuuza bwana yake kwa uchawi njo anapeleka damu ku tajiri. Hata machozi yake ilibakia kwa ule tajiri!”

Mama Feliste alifungua mdomo, lakini ulimi ulinata, hakuna neno lililotoka, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi. Jioni uamuzi ulikuwa umekwisha kutajwa: kilio kikimalizika, watoto watatu watapanda lori na Tantini kwenda Kilwa, na mama yao atarudi kwao, mikono mitupu, na jina ambalo hakuna anayetaka kulikaribisha mlangoni.

Nilikimbia kwa Masere. Nilikuwa nalia mimi, machozi yakinijaa mpaka kwenye kola, na nakumbuka niliyaonea haya, kwa vile nilivyokuwa nayo mengi.

Siku ya kumaliza kilio, Masere na Dokta walikuja, nami nyuma yao nimebeba sanduku la vifaa. Dokta alisalimu wazee kwa heshima, akaomba neno. Akaeleza habari ya askari walioasi, akaomba ruhusa, akaweka karatasi kwenye macho ya Mama Feliste mbele ya wote. Zilitoka kavu. Wazee wengine walitikisa kichwa, wakaanza kuelewa. Tantini alipiga makofi kwa dharau.

“Dokta, karatasi ni yenu, dawa ni yenu, na damu munaweka benyewe mu frigo. Sasa munakuya kujitolea ushahidi?”

Dokta hakukasirika. Alisema, “Mama, ningekuwa weye, nami ningeuliza vile vile.” Niliona Masere akishika rozari yake mfukoni. Watoto walikuwa wamekwisha kuvalishwa viatu vya safari.

Ndipo Nkambo akakohoa. Nkambo alikuwa mama mzazi wa marehemu, bibi wa watoto, aliyeishi na Mama Feliste nyumba moja tangu siku ya ndoa. Siku zote za kilio hakuwa amesema kitu. Alinyosha miguu yake juu ya mkeka, akaanza na habari ya bukari, ugali wetu.

“Jeanne. Ukikula bukari, unakunywa maji mara ngapi?”

“Mama, haina wakati ya bukari.”

“Nimekuuliza.”

“Nikimaliza. Sawa bantu bote.”

“Huyu hapa, anameza tonge na maji. Tonge, maji. Tonge, maji. Miye nilikuwa namucheka. Nilikuwa namwita Samaki. Nilisema ni maringo, ni bukari yangu haipendi.” Akafuta pua. “Mwana yangu njo alikuwa anamuwekea kopo ya maji pembeni ya sahani. Kila siku. Mbele ya kujiwekea nyama yake, anaweka maji ya muke yake. Nilimuuliza, ‘Weye ni bwana ao ni boyi?’ Akaniambia, ‘Mama, mudomo yake imekauka, haina kosa yake.’ Mudomo ikikauka vile, weye unataka machozi itoke wapi?”

Nkambo akanigeukia mimi. “Mutoto wa lopitali. Ile dawa ya ku samaki, enda uilete. Nataka niione.”

Nilikwenda mbio mpaka depo. Papa wa Depo alinipa chupa moja, na kwa haraka zake akaniongezea tomsoni wawili wa kupeleka kilioni. Nikarudi nimeipasha chupa kwa joto la kwapa langu. Nkambo aliishika, akaitazama dhidi ya mwanga, yale maji ya rangi ya asali. “Njo hii damu yenye kuuzwa?” aliuliza, akanirudishia.

Nikapiga magoti mbele ya Mama Feliste. Nikavuta kope lake, nikafanya kikapu. Watu wote walikuwa wananitazama, nikabana bomba la dawa kupita kiasi, likaanguka tone, na mara lingine juu yake. Kama Masere alivyonifundisha siku ya kwanza, la pili halikupata nafasi. Lilitoka, likashuka polepole shavuni, likafika kidevuni.

Wanawake waliona lile tone, wakapasuka kilio. Sijawahi kusikia kilio kama kile. Hata wale wa “hata moja haina” walijitupa kwenye mikeka. Mama Feliste mwenyewe aligusa shavu lake, akatazama kidole chake kilicholowa, kisha akamlalia Nkambo mapajani.

“Ile ni ya chupa,” alisema Tantini, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

“Ni damu yake,” alisema Nkambo. “Weye machozi yako ilitoka bule, na miye yangu vile vile. Yake balimutoboa mukono. Watoto batoe viatu.”

Watoto wakavua viatu. Kesi ikaishia pale, ingawa watu wa mtaa waliendelea kunong’ona miezi mingi, na wengine waliacha kununua samaki kwa Papa wa Depo mpaka njaa ilipowarudisha. Tantini alipanda lori lake peke yake. Mwaka uliofuata alituma kapu la samaki wakavu, bila salamu. Mama Feliste alilipokea, akala, tonge, maji.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Vita vilipita, fedha zikabadilika majina, Masere akahamishiwa kwenye nyumba ya watawa wazee, Dokta akawa mkubwa mwenye mvi na suruali nyingi. Siku yangu ya kustaafu walinipa keki na khanga. Sikuwahi kupanda ndege. Watoto wa jirani wakiniuliza, nawaambia nilishatumikia abiria wengi, maji nikiwapa tone kwa tone.

Ninyi mnaoanza kazi sasa, mna matone tayari, mna mashine zinazotazama mpaka nyuma ya jicho. Nafurahi. Ninachowaomba ni kidogo: mwanamke akija na mchanga usioonekana, mwulizeni na habari ya vidole vyake, na ya mate, na ya nani anayekaa naye mezani. Tena mwulizeni kama nyumbani wanajua. Ugonjwa ule unaficha kitu ambacho watu wanakidai hadharani, na siku wanayokidai hakuna muda wa kueleza.

Mama Feliste yupo bado, mzee, magoti hayamtaki tena. Nkambo alikwisha kwenda, wakamlaza karibu na mwanawe. Mwaka huu, tarehe ya kwanza ya mwezi wa nane, siku ambayo mji mzima unabeba majembe kwenda kusafisha makaburi ya wazazi, Mama Feliste aliniita alfajiri. Alikuwa amekaa kitandani na kichupa chake cha dukani.

“Fonsi, miguu imekataa. Na tena hata nikifika, unajua vile niko. Uniendee.”

Sikumwambia mtu. Nilitoka asubuhi, kabla makundi hayajajaza barabara. Niling’oa majani kwenye makaburi yote mawili, nikafuta majina kwa kitenge changu. Kisha nikapiga magoti katikati, mkono mmoja kwa mume, mmoja kwa Nkambo, nikalia kwa niaba ya Mama Feliste. Kwanza upande wa mume, udongo ukaloa, ndipo nikajisogeza upande wa Nkambo.